Lori la Mdogo Wangu: Nilifungue au Niliache?

BARUA

Shikamoo Mshauri.

Najua wengi hukuandikia juu ya ndoa, madeni na watoto walioshindikana. Mimi nakuandikia juu ya lori la plastiki. Usinicheke kabla hujafika mwisho, na ukicheka basi cheka kidogo.

Nina miaka 46. Tangu utotoni mimi na mdogo wangu tulikuwa wagonjwa wa seti za vipande vya plastiki vya kuunganisha, zile zenye gia, ekseli na pistoni. Iliyotumaliza kabisa ni LEGO Technic namba 8880, gari la michezo lililotoka mwaka 1994. Sisi tulilipata mwaka uliofuata, mimi nikiwa na miaka 15 na yeye 11. Lina giaboksi ya gia nne, magurudumu yote manne yanavuta, na usukani unageuza ya mbele na ya nyuma pia. Tulilijenga tukalibomoa, tukalijenga tena, hadi kijitabu cha maelekezo kikaachana kurasa. Mimi nilikuwa msoma kijitabu, yeye mtafuta vipande. Ukubwani kila mtu akashika njia yake. Mimi nikawa mkusanyaji: napenda seti iwe kamili, na sanduku lake, na kila pini mahali pake. Yeye akawa mbunifu. Seti akiinunua leo, kesho ameshaigeuza vipuri.

Mdogo wangu alifariki ghafla miaka minne iliyopita. Mezani kwake aliacha lori ambalo halikutoka kwenye kijitabu chochote, alilibuni mwenyewe. Ni refu kuliko mkono wangu kutoka kiwiko hadi ncha za vidole. Ndani ya fremu kuna giaboksi ya gia nane aliyoihangaikia karibu miezi sita. Hakuandika kitu, hakuchora, hakupiga picha. Yote yalikuwa kichwani mwake. Kabini haina paa na mlango mmoja haupo.

Siku chache baada ya mazishi nilimwomba wifi niondoke nalo, akasema, "Chukua tu." Nikalipakata njia nzima. Liko chumbani kwangu juu ya kabati, ndani ya kasha la plastiki angavu. Sijawahi kulisukuma hata mara moja.

Mwanawe sasa ana miaka 13. Likizo iliyopita alikuja kukaa kwangu. Nilitoka kidogo, na niliporudi nikamkuta amelishusha, ameliweka mezani. Mbele ya macho yangu akalisukuma. Lilikwenda kama shibiri moja, likatoa mlio, krrk, na magurudumu ya nyuma yakagoma. Mshauri, nililinyakua. Nilimfokea mtoto wa marehemu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Hakulia. Alisema tu, "Shangazi, baba hakulimaliza. Nataka kulifungua nijue alikwama wapi. Halafu vipande nijengee langu."

Nikampigia simu mama yake, nikitarajia ataniunga mkono. Akaniambia, "Wifi, hiyo ni plastiki. Mpe mtoto." Tangu siku hiyo tunasalimiana kwa kujilazimisha.

Hoja yangu ni hii. Lori lile likifunguliwa halirudi. Giaboksi imefunikwa pande zote, huwezi kuiona bila kuondoa vilivyo juu yake, na ukishaondoa hakuna anayejua kilikaaje. Mtoto wa miaka 13 hawezi kujua thamani ya kitu kama hicho. Katika jambo hili mimi ndiye niliyemjua mdogo wangu, hata kuliko mkewe. Nikimulika tochi chini ya fremu naona vipande viwili vyeupe katikati ya vyeusi. Tulipokuwa wadogo kipande cheupe kilikuwa na maana ya "rudi hapa": ukiitwa kula au kulala kabla hujamaliza, ulikiweka mahali ambapo hukuwa na uhakika napo. Nani mwingine angelijua hilo?

(Wiki mbili kabla hajafariki alinionyesha giaboksi hiyo kwa simu ya video, nami nikamwambia itakwama tu. Tukabishana, akakata simu. Lakini hilo si la msingi.)

Na nikuambie jingine, maana nimeshaanza. Tangu afariki sijaunganisha hata seti moja. Nanunua tu. Nina masanduku 19 ambayo hayajafunguliwa. Nikiulizwa nasema ni akiba, kwani nimesoma kuwa seti zilizofungwa hupanda bei kuliko hata dhahabu.

Nimpe mtoto? Nimkatalie? Au mimi ni mchoyo tu niliyejificha nyuma ya msiba?

Shangazi mwenye lori

JIBU

Marahaba, mwanangu. Sikucheka. Barua yako niliisoma asubuhi, nikaiweka, nikaichukua tena jioni, na mara zote mbili jicho langu lilikwama pale pale: kwenye mabano.

Ngoja kwanza nione kama nimekuelewa. Una kitu kimoja ambacho watu watatu wanakitazama, na kila mmoja anaona chake. Wewe unaona kazi ya mwisho ya mdogo wako, ambayo ikiguswa imepotea. Mtoto anaona swali ambalo baba yake aliliacha katikati. Wifi yako, kwa maneno yake, anaona plastiki. Nitamrudia, kwa sababu siamini kwamba ndicho anachokiona. Nawe unaniuliza nani kati yenu yuko sawa. Sina hakika kama hilo ndilo swali lenyewe.

Mimi si mtu wa gia. Nimemwendea rafiki yangu mmoja, mzee mwenzangu, anayekusanya seti za fischertechnik, zilizobuniwa na Mjerumani Artur Fischer. (Ndiye huyo huyo aliyevumbua plagi ya nailoni tunayoitia ukutani kabla ya skrubu, mwaka 1958. Rafiki yangu hawezi kukuzungumzia seti zake bila kukuambia hilo kwanza.) Technic nayo ameicheza sana. Nilimwuliza giaboksi ya namna hiyo hukwamaje, akanieleza kwa vijiko na soksi, nami nikaelewa hivi: gia zinazunguka huru juu ya ekseli mpaka pete inayoteleza izishike. Pete mbili zikishika gia mbili za kasi tofauti kwa wakati mmoja, ekseli moja inaamriwa izunguke kwa kasi mbili. Haiwezi, kwa hiyo kila kitu kinajifunga. Mbunifu wa gia nane kazi yake kubwa ni kuhakikisha pete ya kwanza imeachia kabla ya nyingine kushika. Nadhani ndicho mlichobishania. Wewe ulisema zitagongana, yeye akasema ameshapata njia.

Kisha mtoto akalisukuma, likasema krrk.

Nisamehe nikiingia mahali ambapo hukunikaribisha. Unasema unaogopa lori likifunguliwa mdogo wako atapotea. Inawezekana. Lakini yawezekana pia unaogopa kwamba likifunguliwa jibu litapatikana. Kama ulikuwa umesema kweli, basi neno lako la mwisho kwake lilikuwa kweli, na lilimuumiza. Kama alikuwa sahihi yeye, alikata simu akiwa sahihi na hukupata kumwambia. Kwa miaka minne hukulisukuma hata mara moja, wewe uliyekua ukisukuma kila chenye magurudumu. Mtu anayelinda kumbukumbu angelisukuma walau usiku mmoja, peke yake.

Rafiki yangu aliongeza jambo ambalo nakuomba ulishike: mlio ule hauthibitishi kitu. Lori lililokaa miaka minne lina sababu nyingi za kugoma. Ekseli huteleza kidogo, kishikizo kikabana boriti kupita kiasi. Kipande kilicholegea huangukia kati ya meno. Nywele na vumbi hujizungusha kwenye ekseli za magurudumu. Au wenzo wa gia ulisogea ukabaki katikati, haupo huku wala kule, na lori lililopakatwa njia nzima lingeweza kupatwa na hilo bila aliyelipakata kujua. Sikulaumu. Nasema tu kwamba hukumu uliyoisikia siku ile, kama uliisikia, haikutoka kwa mdogo wako.

Sasa tuje kwenye njia zilizopo. Ulinipa mbili, kumpa au kumkatalia. Mimi naona zaidi, na kila moja ina mwiba wake.

Ya kwanza ni kuliacha lilivyo. Ni haki yako kulitaka hilo, na wapo wanaofarijika hivyo maisha yao yote. Ila usidhani kwamba kabatini litabaki vile vile. LEGO walianza kutumia plastiki ya ABS mwaka 1963, kwa sababu ile ya awali ilikuwa ikijipinda, na ABS ni ngumu kweli, lakini mwanga na umri vinaigusa. Vipande vyeupe na vya kijivu ndivyo vinavyoonyesha mapema: hugeuka manjano. Kasha angavu huzuia vumbi, mwanga linaupitisha. Kama kuna mipira ya kuvuta humo ndani, hukauka ikakatika. Kipande kilichokaa kikiwa kimepindwa kinaweza kupasuka siku moja bila kuguswa na mtu. Ukichagua njia hii, basi angalau litoe penye mwanga, na jua kwamba unachokihifadhi ni umbo la nje. Njia aliyodai ameipata itabaki humo ndani, haionekani na mtu, na wewe ukiwa mmojawao.

Ya pili ni kulifungua kwa kumbukumbu. Unasema likifunguliwa halirudi kwa kuwa hakuna maelekezo, lakini maelekezo huandikwa hata wakati wa kubomoa. Picha kwa kila tabaka linalotoka. Meno ya kila gia kuhesabiwa, kama ni 8, 16, 24 au 40. Urefu wa kila ekseli, upande uliotazama, pini ipi ilikuwa ya kukaza na ipi ya kuzunguka, na vipande kupangwa kwenye sinia kwa mfuatano vilivyotoka. Kisha mnaliingiza kwenye programu ya kompyuta.

Rafiki yangu hapo alinisimulia habari iliyonikaa sana. Mwaka 1995 Mwaustralia James Jessiman alitengeneza programu ya LDraw, inayomwezesha mtu kuandika kila kipande cha LEGO kimekaa wapi na kimeelekea wapi. Alifariki mwaka 1997, kazi ikiwa bado changa na orodha yake ya vipande ikiwa fupi. Wapenzi wa mchezo huu hawakuifungia kabatini. Waliendelea kuongeza kipande baada ya kipande, na hadi leo programu za kuchora ujenzi husoma faili za mtindo aliouanzisha yeye. Sikuambii ufanye kama wao. Hao hawakuwa dada zake.

Mwiba wa njia hii ni kwamba hakuna kumbukumbu iliyo kamili. Picha haionyeshi ekseli ipi ilipaswa kuingia kabla boriti haijafungwa, wala haionyeshi mkazo aliouhisi vidoleni mwake. Mkilirudisha, litakuwa lake kwa mpango na lenu kwa mikono. Kama unajijua kwamba kila utakapolitazama utaona mikono yenu tu, usikimbilie.

Ya tatu umeikalia mwenyewe: masanduku 19. Ungeweza kumfungulia mtoto mawili matatu ajenge lake, na la baba yake likapumzika. Hapo utaniambia ni akiba. Sawa. Utafiti uliousoma huenda ni ule wa Moscow uliotazama seti zilizouzwa kati ya mwaka 1987 na 2015 na kukuta zimepanda bei kwa wastani wa asilimia 11 kwa mwaka. Ni kweli, lakini ni wastani. Ndani yake zimo seti zilizopoteza nusu ya thamani. Na katika barua nzima hukunitajia hata seti moja uliyowahi kuuza. Akiba isiyouzwa wala kufunguliwa mimi naiona kama kitu kingine, ila wewe ndiye unayelala nayo chumba kimoja.

Lakini angalia mwiba. Mtoto hakukuomba vipande. Vipande vipo tele duniani. Alisema anataka kujua baba yake alikwama wapi, kisha ajenge na vile vile alivyovishika baba yake. Ukimpa sanduku jipya anaweza kulipokea kwa adabu na kuelewa kwamba umemnunua anyamaze.

Kuna na kumpa tu, achukue, aende. Hilo sina haja ya kulirefusha. Unaweza kulifanya kwa ukarimu, unaweza pia kulifanya kwa hasira ili wifi aone alichokitaka. Kipime kwanza kifua chako.

Unasema hawezi kujua thamani kwa sababu ana miaka 13. Ninyi mlipata 8880 ukiwa na miaka 15 na mdogo wako 11, na kama kuna watu waliojua thamani ya kitu ni ninyi, mliokibomoa mpaka kijitabu kikaachana kurasa. Tena mtoto huyu, kati ya yote ambayo angeweza kuyasema baada ya kufokewa, alisema "nijue alikwama wapi". Hilo ni neno la mtu wa giaboksi. Hofu ninayoibakiza juu yake ni nyingine: akifungua akakuta baba alikosea, atalichukuliaje? Kijana wa umri huo anaweza kufurahi kwamba ameliona kosa, na anaweza pia kuumia kwa kuliona. Asiwe peke yake siku hiyo, liwe lori limefunguliwa kwa ruhusa yako au bila ruhusa yako.

Na wifi. Wewe ulizoea kumwona mdogo wako anapojenga. Yeye alizoea kumwona anapokuwa hayupo mezani pa kulia. Miezi sita ya giaboksi ni miezi sita ya usiku wa kusikia vipande vikichakurwa kwenye maboksi. Siku ulipokuja kuliomba lori, mume wake akiwa na siku chache tu kaburini, hakukuuliza lolote. Alisema chukua. Umewahi kumwuliza kama naye alilitaka? Kwa haki, ni mali ya marehemu, na warithi wake wa kwanza ni mke na mtoto. Nalitaja hili ili usije ukaendelea kupima kama "utoe" kitu ambacho huenda ulikuwa umekabidhiwa tu. "Ni plastiki" inaweza kuwa dharau. Inaweza pia kuwa mtu anayejikaza asilie kwenye simu. Mimi sikuwepo, wala wewe hukuuona uso wake.

Kama ungekuwa hapa kwangu ningekuomba uanze na lile lililo jepesi, nalo kwa maoni yangu si lori. Ni ule ukelele. Mtoto anaweza kusubiri mwaka mzima juu ya lori akijua shangazi yake bado anafikiri. Kusubiri bila kujua kama bado anapendwa kwenye nyumba hiyo ni jambo jingine. Mpigie yeye mwenyewe, bila kupitia kwa mama yake. Na kama utaweza, mwambie ulichoniambia mimi kwenye mabano. Huenda ikawa mapema mno kwa umri wake, wewe unamjua. Lakini kwa sasa anadhani shangazi yake anamwona mharibifu, na hana njia ya kujua kwamba aliligusa jeraha ambalo halikumhusu.

Mchoyo? Wachoyo wanaoniandikia hawaniulizi kama ni wachoyo.

Jambo moja limebaki. Umeuliza nani mwingine angejua maana ya kipande cheupe. Mdogo wako alikuwa na mtoto aliyekua akimzunguka mezani miaka ile yote, na alikuwa na desturi hiyo hiyo mpaka lori lake la mwisho. Utakapompigia, kabla hujasema lolote juu ya kufungua au kutofungua, mwulize kwa nini baba yake aliweka vyeupe viwili kati ya vyeusi. Usimwambie jibu. Sikiliza atasemaje, kisha uniandikie.